Karte Imenizeesha Miaka Saba

Baraka, Jumapili, siku ya Mungu, tarehe 9 Novemba 2025. Leo ni mwaka mmoja na miezi minne tangu nilipotoka kwetu Kilembwe.

Mama Nadège, mshauri wetu wa redio, nakusalimia, na kabla sijasema neno nakuomba usitaje jina langu, maana wanaokusikiliza ni hawahawa ninaokuandikia habari zao, na sijui tena nani ni rafiki.

Mimi ni mbebaji kwenye viwanja vya ujenzi hapa Baraka, napandisha mawe, mchanga na simenti, niliacha masomo darasa la tano, mgongo umechoka, na kila siku namtazama fundi mwenye mwiko, ambaye hata maji ya kuchanganyia anayaitisha kwa kidole, nikisema moyoni, kazi ile naiweza. Basi mwezi uliopita walibandika tangazo kwenye ukuta wa biro, ofisi ya mafunzo, kwamba kuna mafunzo ya ujenzi ya miezi sita kwa pesa za serikali, na ukimaliza wanakusaidia kupata kazi, na wenye haki ni wasio na kazi ya kudumu, waliokaa hapa mwaka mzima, wenye miaka kumi na minane hadi thelathini na tano, nusu ya nafasi kwa wenyeji na nusu kwa wakimbizi wa Burundi. Tangazo ni la Kifaransa, alinisomea Bertin, mtu mmoja anayezunguka penye biro ile na mafaili kwapani, lakini ile 35 niliiona kwa macho yangu.

Mama, mimi nina miaka thelathini. Karte yangu ya uchaguzi, ile kadi ya kupigia kura ambayo ndiyo kitambulisho chetu, ina thelathini na saba. Kosa ni langu, silifichi. Mwaka 2011 nilikuwa na miaka kumi na sita, nakwenda machimboni kutafuta dhahabu, na bila karte ulikuwa hupiti bariyeri ya askari salama. Mkubwa wa shimo letu akaniambia, "Usiongeze miaka miwili, batajua unadanganya. Ongeza mpaka basikie haya kukuuliza." Nikasema nimezaliwa 1988. Mwandishi wa karte alinitazama, akacheka, akaandika. Tangu hapo kila wanapobadilisha karte wanafuata mwaka uleule, nami nanyamaza, maana karte inapitisha na hakuna anayeuliza. Wengi wa kwetu tulifanya hivyo, na miaka hiyo ya bure hatukudhani kwamba siku moja itatuzuia.

Bertin alipoiona karte akapiga mluzi. "Muzee, we iko na thelathini na saba, hawa hawakutaki. Lakini mi nitakutengenezea." Matengenezo yenyewe ni haya. Kuna mjane mkimbizi anaitwa Consolate, mumewe Itangishaka alikufa mwaka jana, na jina lake halijafutwa kwenye karatasi ya familia. Itangishaka alizaliwa 1993. Nitaandikwa kwa jina lake, upande wa wakimbizi, na Bertin anasema Consolate amekubali, kilichobaki nimwachie yeye Bertin karte yangu siku tatu ili atengeneze faili.

Hapo ndipo usingizi uliponikimbia. Kwa nini mjane akubali upesi hivyo na hanijui? Labda anatafuta mume kwa njia ya karatasi, kesho aje Kilembwe na watoto waniite baba mbele ya mke wangu Anastasie. Na Gordien je? Ni Mrundi, tunabeba mawe naye, na jina lake limekwisha kubandikwa kwenye orodha. Nilimuuliza mbele ya wenzetu, "We Gordien, ulipita kwa nani?"

Akaweka karai chini. "Nilipita kwa mulango."

"Mulango gani? Ninyi bakimbizi munapewa vyote."

"Ukimbizi unautaka? Kamata. Lakini ubebe yote, usichague masomo peke yake."

Wakacheka wote, na mmoja akasema, "Muacheni Muzee, anangojea pensheni." Tangu siku ile nadhani Gordien amekwenda kunisema biro. Hata shefu wa kartiye, mkuu wa mtaa wetu, aliponiandikia karatasi ya ukaaji, aliitazama karte yangu mara mbili. Hata wewe, Mama, sikujui, nasikia sauti tu.

Orodha inafungwa Ijumaa tarehe 28. Nikikosa, nitabeba mawe mpaka mgongo ukatike, kwa maana kazi nyingine siijui. Nilichukue jina la marehemu au niliache? Karte bado ninayo, lakini Bertin ananifuata kila siku. Anastasie nimemtumia habari kwamba nitarudi Kilembwe siku mbili kabla ya Noeli, niwe nimeingia mafunzoni au niwe mbebaji vilevile.

Mbebaji wa mawe, Baraka

*

Ndugu yangu mbebaji,

Majina yote nimeyabadilisha kabla ya kusoma, kwa hiyo tulia usikilize. Pole kwa mgongo. Pole ndogo kwa mengine, maana mengine umejitakia.

Umenishuku mimi, sawa, sijachukia. Umemshuku Gordien, umemshuku shefu, umemshuku mjane ambaye hujawahi hata kumwamkia. Sasa jiulize. Tangazo alikusomea nani? Bertin. Kwamba Consolate amekubali, umelisikia kinywani mwa nani? Bertin. Karte yako anaitaka nani? Shaka yako umeigawia Baraka nzima, na yule aliyestahili hukumbakizia hata chembe!

Jana nilikwenda mwenyewe kusoma tangazo. Bertin alikusomea ya juu, ya chini akayaruka. Chini wameandika kwamba kujiandikisha ni bure, mwombaji anafika yeye mwenyewe, na hawapokei faili kutoka kwa mtu wa kati. Nikaingia ndani kuuliza. Hakuna Bertin anayefanya kazi pale. Karte yako ataifanyia nini sijui, wala sitaki ujue kwa kujaribu.

Kisha bamama wa kanisa lake wakanifikisha kwa Consolate. Sikukutaja. Nilimuuliza tu kama amempa mtu jina la mumewe. Mama yule alisimama. "Bwana yangu nilimuzika na mikono yangu. Nani anamufufua?" Hakukubali, hakuulizwa. Na sikia lililo baya zaidi: yeye naye ameomba mafunzo biro ileile, ya ushonaji, kwa nafasi zilizotengwa kwa wajane. Siku Itangishaka atakapoonekana amejiandikisha kwenye ujenzi, Consolate si mjane tena kwenye karatasi, na faili lake linaanguka. Ulikuwa unaogopa atakunyang'anya nyumba yako. Ni wewe uliyekaribia kumnyang'anya riziki.

Tena hukufikiri mbele. Miezi sita unajifunza, unapewa cheti, na cheti kimeandikwa Itangishaka. Utaomba kazi ukiwa nani? Yule mtoto wa miaka kumi na sita aliyeogopa bariyeri, mimi namsamehe. Mtu mzima wa thelathini anayetaka kurudia kosa lilelile, huyo nitamgombeza mpaka betri za redio ziishe.

Haya, kazi. Karte isitoke mfukoni mwako. Bertin akija mwambie mbele ya watu kwamba utajiandikisha mwenyewe, uone kama atakufuata tena. Kesho asubuhi, kabla ya kubeba jiwe la kwanza, mwombe Gordien radhi, halafu mwombe akuonyeshe ule mlango alioupitia, maana anaujua na wewe huujui.

Kisha usingoje Noeli. Safiri kesho hiyohiyo. Kilembwe nenda paruasi, parokia ulipobatizwa, omba karatasi ya ubatizo yenye mwaka wako wa kweli. Shuleni uliza kama kitabu cha darasa lako kingalipo. Tafuta watu wazima wawili wanaokumbuka mwaka uliozaliwa, walio tayari kuapa. Ukishuka, pitia Fizi kwenye ofisi inayoandika vizazi, useme unataka hukumu ya kusahihisha tarehe ya kuzaliwa. Hukumu hiyo pengine haitatoka kabla ya tarehe 28, sitakudanganya. Wewe chukua tu karatasi yenye muhuri inayoonyesha kwamba umeomba.

Ukifika biro, usingoje wakuulize. Weka karte mezani useme, "Umri huu ni wa uongo, na niliyeusema ni mimi," kisha uweke ushahidi wako juu yake. Wana haki ya kukukataa. Omba basi wakuandike kati ya wanaongojea. Wakikukataa hata hapo, utakuwa umekataliwa kwa jina lako, na wakifungua orodha nyingine, karatasi zako zitakuwa safi.

Mtumie Anastasie habari mpya leo: Jumamosi hii tarehe 15 unafika nyumbani, Alhamisi tarehe 20 unashuka Fizi, na Jumatano tarehe 26 asubuhi, biro ikifunguliwa, uwe umerudi Baraka.

Mama Nadège