Injini Ipi Haikamatiki

Kerende, 3 Juni 2024

Kaka Daudi, shikamoo. Wifi Veronika na watoto wanaendeleaje? Huku wazima, isipokuwa kikohozi cha mtoto mdogo.

Kaka, wewe ndiye fundi wetu. Tarime mjini nimeona gari mbili ndogo, zimelala chini kama zile za vijana. Bodi ni moja, injini tofauti: moja ya kawaida, cc 1500, nyingine ina tabo ya kuongeza nguvu. Nataka ya kwendea zahanati kila siku. Nichukue ipi? Usinipigie simu. Andika, umpe Esta anayeleta ndizi huku.

Mdogo wako, Boke

Turwa, 7 Juni

Marahaba, nesi wangu. Sisi tunapumua. Tangu lini unaogopa simu?

Chukua ya kawaida. Mafuta inaonja tu, na spea zake ziko hata kwa wauza misumari. Tabo ni tamu ukikanyaga, lakini inataka oili nzuri, na ukiikimbiza huizimi papo hapo, unaiacha ingurume kwanza ipoe. Nesi wa Kerende unamkimbiza nani, malaria?

Kaka yako, Daudi

Kerende, 12 Juni

Shikamoo kaka. Nimecheka kidogo, asante.

Nijibu haya. Ipi inachomoka haraka ikiwa imesimama? Ipi haina kelele ikiwashwa alfajiri? Nikiwa na watoto wawili na mabegi, ipi itafika Mugumu bila kusimama? Ikifuatwa na pikipiki, ipi haikamatiki?

Mdogo wako

Turwa, 14 Juni

Boke, leo siulizi hali. Hayo si maswali ya mtu anayekwenda kazini. Ni shemeji Mwikwabe? Niambie.

Kaka yako

Kerende, 20 Juni

Kaka, ni yeye. Ananoa panga mbele ya watoto, ananiambia hilo ni langu. Simu yangu anaisoma kila jioni. Naogopa hata kulala.

Ningeshaondoka. Ila ng'ombe wa mahari aliowatoa kwa ajili yangu ndio uliowatumia kumwoa Veronika. Nikitoka, yeye na ndugu zake watakuja kuwadai kwako, na wewe una wanao wanne. Ndiyo maana nilinyamaza.

Boke

Turwa, 23 Juni

Mdogo wangu, hakuna injini isiyokamatika. Ila tabo ikipita, kila mtu anageuza shingo. Ile ya kawaida wataona ni nesi anakwenda zamu. Nimekuchukulia hiyo, na nimeinyanyua springi kwa sababu ya mawe ya njia ya Mugumu. Jumanne utaikuta zahanati, ufunguo anao Esta. Toka nyumbani kama siku zote, na watoto, useme kikohozi cha mdogo kimezidi. Mugumu usilale, endelea mpaka kwa Bupe uliyesoma naye unesi.

Veronika anasema nikiendelea kuhofia ng'ombe, nitazika dada.

Kaka yako

Turwa, 29 Juni

Boke, Bupe amenipigia kwamba mmefika. Nililia gereji mbele ya wateja.

Mwikwabe na ndugu zake walikuja sita, na mapanga. "Mura, wewe kijana, dada yako yuko wapi?" Nikawaambia umechukua ile yenye tabo, umeshika njia ya Sirari, mpakani. Kwa bahati iliuzwa juzi, hata wakienda kuitafuta pale ilipokuwa ikiuzwa hawataikuta. Wakaondoka mbio.

Wakijua, watarudi. Veronika hataki kuhama. Anasema ng'ombe watazungumzwa mbele ya wazee, siyo mbele ya panga. Yeye ni jasiri. Mimi naogopa, sikufichi.

Barua hii nimeituma kwa basi, ukishaisoma ichome. Usinijibu, na ukiletewa barua yenye jina langu ikikuita urudi, usiiamini.

Kaka yako, Daudi