Mnili wa Makaburini Kigombe

Jumamosi. Mawingu tangu alfajiri, joto la kunata, na mvua yenyewe haikushuka. Nimerudi chumbani kwangu Usagara jioni, nimeoga, na bado nina udongo chini ya kucha.

Leo nimechimba kwenye kaburi la mtoto.

Nimeliandika hilo mwanzo ili nisije nikalizunguka. Niliruhusiwa. Lakini ruhusa haikunipa amani niliyoitarajia.

Kwa asiyenijua: nasomea uhusiano wa mnili, kile kichaka cha porini chenye maua madogo ya rangi ya waridi, na bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi yake. Bakteria huchukua naitrojeni hewani na kuulisha mmea; mmea nao huwapa sukari. Nilianza nikiamini kwamba wawili hawa wamesafiri pamoja tangu zama za kale, kwamba mnili ulipogawanyika kuwa aina mbili, bakteria nao waligawanyika nyuma yake. Sampuli nilizochukua kwetu Lushoto zimenikatalia. Minili iliyo ndugu wa karibu kabisa imekutwa na bakteria wasiohusiana hata kidogo. Ilibaki kuona hali ikoje pwani, na pwani nilikopita mnili umefyekwa kupisha mashamba. Katika kijiji cha Kigombe niliukuta makaburini tu, kwa kuwa pale hakuna anayelima.

Mzee anayesimamia makaburi alinisikiliza vizuri. Akasema yeye hana neno, ila kichaka kimeota kwenye kaburi la mtoto wa Bi Zuhura, na Bi Zuhura yu hai, nyumba yake ile pale.

Nilimkuta barazani akichambua mchele. Nikamwamkia shikamoo, nikajieleza. Alinisikiliza bila kuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Kwa hiyo wataka kumfukua mwanangu."

"Hapana, bibi. Nataka mizizi ya pembeni tu, ile ya juu juu. Kama hupendi, naondoka."

Akaendelea kuchambua. Nilikuwa nimeshaanza kukusanya jembe na vitu vyangu vingine aliposimama na kujitanda kanga. "Twende. Lakini jembe liache hapa."

Njiani aliniambia kwamba si yeye aliyemzika mtoto. Wanawake hawakwenda maziko. Mumewe ndiye aliyembeba mtoto, na aliporudi akamwambia amelazwa kando ya mnili. Mtoto hakufikisha siku ya kupewa jina. Sasa mume naye ameshafariki. Kichaka si kilekile, alisema. Hufa, kikaota kingine papo hapo.

Nilipiga magoti nikachimba kwa vidole. Hakunitazama usoni, alitazama mikono yangu. Vinundu havikuwa mbali, vidogo kama punje za mtama. Nilipasua kimoja kwa wembe kuona kama kiko hai. Ndani kilikuwa chekundu, kama inavyotakiwa.

"Damu?" akauliza.

"Si damu, bibi. Imefanana nayo tu. Ni dalili kwamba bakteria wanafanya kazi."

"Na mbegu huja nao hao?"

"Hapana. Mbegu huanguka peke yake. Huwakuta kwenye udongo wa pale inapoangukia."

"Basi hawa ni wa hapa."

"Ni wa hapa."

Kisha akauliza nitawafanya nini. Nikamwambia ukweli: nitavisaga vinundu, niwaoteshe bakteria maabara, nijue ni wa ukoo gani. Nilidhani atanikatalia.

"Chukua vichache," akasema. Akaenda kusimama kando, akanipa mgongo, mpaka nilipomaliza kufukia.

Nilichukua vinne.

Jioni msimamizi wangu wa masomo alipiga simu kuuliza nimepata vingapi. Nilipomwambia, akasema vinne havithibitishi chochote, wiki ijayo nirudi Kigombe. Kisayansi yuko sahihi, na mimi mwenyewe ningemwambia mwanafunzi mwingine hivyohivyo. Nikamjibu kwamba sirudi. Akauliza, sasa kuhusu pwani tutaandika nini? Nikasema tutaandika kwamba hatujui vya kutosha. Akakata simu bila kuniaga.

Huenda nimejiharibia. Miaka ya kusoma, halafu nashindwa kurudi kuomba vinundu vichache zaidi. Lakini siwezi kumsimamisha tena mama yule kando ya kaburi lile.

Kesho nitakwenda kanisani kama kawaida, na Jumatatu nitavisaga. Hilo nimeshaliamua. Kinachoninyima raha ni kitu kingine: kama mtoto yule angekuwa wangu, na mgeni akaja na wembe wake kuomba kilichoota juu yake, ningesimama pale barazani na kusema twende?