Radhi ya Mama Imefungiwa Ndani ya Kompyuta

Mama Siamanta mpendwa wa safu ya kompyuta gazetini, shikamoo. Nimekata tamaa, na ninakuomba wewe angalau usinicheke, maana hapa mtaani wamenicheka vya kutosha, wanasema mwanamke mzima analilia kompyuta kama aliyefiwa. Naitwa Husna, naishi Masuguru hapa Korogwe, nina steshenari ndogo ya kuchapa na kutoa kopi, na pia huwarekodi akina mama wa madrasa kaswida zao, na kompyuta ninayofanyia kazi hiyo niliachiwa na mradi mmoja wa wageni ulipofungwa, nayo haina Windows kama za wenzangu, ina Linux, na wale wageni walinifundisha kuwasha, kuandika, kurekodi, kuchapa na kuzima, basi, wakaondoka.

Jambo lenyewe ni la mama yetu na kaka yangu Sharifu. Kwetu ni Handeni. Sharifu alikwenda kufanya kazi kwenye mkonge huko Mazinde, akampenda binti wa Kisambaa kutoka Dindira, Zamda, akamwoa wakati mama alishampelekea posa binti wa rafiki yake pale kijijini, na mama kwa ile aibu akasimama mlangoni akamwambia mbele ya watu, "Siku nikifa usinizike." Sharifu akaondoka hakurudi. Zamda akazaa, mtoto akafa mchanga, akazaa tena, naye akafa mchanga, na hakuna mtu upande wetu wala upande wao ambaye hakusema kwamba ni kukosa radhi ya mama, na Sharifu mwenyewe akaamini kuliko wote, ila alikuwa anaogopa kuja kuomba msamaha kwa sababu aliogopa kukataliwa.

Mama alipougua nilimleta hapa kwangu, na ugonjwa ukamlainisha, akawa anamtaja Sharifu kila asubuhi, tukamtumia salamu aje lakini hakuja. Siku moja mama akaniambia, "Ile mashine yako inayoshika sauti za kaswida, ilete hapa nizungumze na mwanangu." Nikamshikia maiki. Akazungumza kwa Kizigua taratibu, akampa habari za utoto wake na za marehemu baba, akakohoa, akapumzika, kisha akasema, "Sharifu, nimekuwia radhi, wewe na mke wako na kizazi chenu, yale maneno ya mlangoni nimeyafuta." Nilimsikia kwa masikio yangu, Mama Siamanta, nilikuwa nimekaa kitandani kwake. Haukupita muda akafariki, tukampeleka kuzikwa kwetu, na Sharifu alipofika Handeni kaburi lilikuwa limeshafukiwa, kwa hiyo lile neno la kutomzika likatimia vilevile. Nikamweleza palepale msibani kwamba mama alimsamehe na sauti yake ninayo. Akanijibu, "Radhi ya mama haitumwi mtu, dada. Nitakuja niisikie mwenyewe."

Tangu hapo nikaingiwa na woga wa kuipoteza ile sauti. Umeme ukikatika, ukirudi tu naichukua nainakili tena, nikaiweka kwenye folda ya kaswida, nikaiweka kwenye ya harusi, kwenye ya vyeti, kila mahali, nikiamini ikifa hapa itabaki pale. Na kuna jingine ambalo fundi niliyemwita baadaye amenicheka nalo: mimi picha za misiba ya wateja na wasifu wa marehemu zao huwa sifuti, mkono unakataa, naona kama ninamfukua mtu kaburini nimtupe. Mashine ikaanza kunitolea kijikaratasi cha Kiingereza kwenye kioo kila nikiiwasha, nami nikawa nakifunga niendelee na kazi.

Basi Sharifu akaja, na Zamda akiwa mjamzito, tumbo kubwa. Wakakaa kwenye benchi la wateja, Sharifu akavua kofia akaishika mapajani. Nikaandika neno la siri, kioo kikawa cheusi, kisha kikarudi kuniuliza neno la siri. Nikaandika tena. Kikawa cheusi, kikarudi. Nilirudia tena na tena. Sharifu akasimama akasema, "Dada, kama mama hakusema, ungeniambia tu hakusema." Zamda akawa analia. Wakaondoka, hata chai yangu hawakunywa.

Fundi Dominiko wa hapa mjini ameitazama akasema hii Linux imeshakufa, dawa yake ni kuipiga Windows, vilivyomo vitafutika lakini mashine itapona, na anataka kuja kuichukua. Wengine wananiambia mama amebadili mawazo huko aliko, ndiyo maana kafunga mlango, nami Mungu anisamehe, kuna wakati naanza kuamini hivyo. Juzi Zamda amenipigia simu kwa siri kunieleza kwamba nguo za mtoto Sharifu amekataa zisinunuliwe, na kwamba amekwenda makaburini kufyeka pale walipolala wale watoto wawili, apatengeneze mapema. Sijui nimwache fundi aipige Windows nipate riziki, au niendelee kuitazama mashine iliyofungwa, au nifanye nini. Nisaidie.

Husna, Masuguru, Korogwe

&nbsp;

MAMA SIAMANTA ANAJIBU

Husna, marahaba, na pole sana. Barua yako nimeitanguliza mbele ya za wenzako, watanisamehe, maana wao mashine zao zimegoma kutoa muziki na wanaweza kungoja.

Kwanza kabisa, Dominiko asiiguse hiyo kompyuta. Akija mkaribishe, mpe kiti, mpe chai, na arudi alikotoka. Kwetu ng'ombe akikwama topeni hatumchinji palepale, tunatafuta kamba kwanza. Fundi ambaye dawa yake kwa kila ugonjwa ni kuipiga Windows hajaipima mashine yako, ameikimbia kwa sababu haijui. Hapo ndipo sauti ya mama yako ingepotea kweli.

Pili, hayo ya mama kufunga mlango kutoka kaburini yaache. Umri wako na kazi yako haviruhusu. Mama yako hakufunga chochote. Umefunga wewe, Husna, kwa mikono yako, na nitakueleza namna ulivyofanya. Neno la siri ukilikosea, mashine hukuambia umekosea. Yako haikuambii hivyo. Inalikubali, inageuka ikufungulie chumba, na ili ikufungulie lazima iwe na mahali padogo pa kuandika mambo yake. Haipapati, kwa hiyo inakurudisha mlangoni. Diski imejaa. Umeijaza nakala za sauti moja na misiba ya Korogwe nzima, na kile kijikaratasi ulichokuwa unakifunga kilikuwa kinakueleza hivyo kila asubuhi. Kama Kiingereza kilikushinda, kwa nini hukumwita hata mwalimu mmoja wa shule akusomee? Sauti ya mama yako unaikumbatia, onyo la mashine iliyoibeba unalitupa.

Sasa tulia ufanye ninavyosema, polepole, na pawe na mwanga. Washa mashine mpaka ikuulize jina. Usiandike kitu. Bonyeza Ctrl, Alt na F1 kwa pamoja. Zile picha zitatoweka, utaona kioo cheusi na maandishi meupe. Usitishike, mashine haijafa, huo ni mlango wake wa uani. Andika jina lako la kuingilia, bonyeza Enter, kisha neno lako la siri. Wakati unaandika neno la siri hutaona hata nukta moja ikitokea, na wengi hapo huacha wakidhani kibodi imeharibika. Inaandika. Malizia, bonyeza Enter.

Ukishaingia, andika hivi:

df -h

Itakuja orodha fupi. Tafuta mstari unaoishia na alama ya mkwaju, hii /, peke yake. Ukiona mia kwa mia hapo, basi nimesema kweli, na unaweza kupumua kidogo. Kisha andika:

sudo apt-get clean

Itakuuliza neno la siri tena. Amri hiyo haigusi kitu chako hata kimoja, inatupa masalio ya programu ambazo wale wageni walizipakua wakati wa kuisasisha mashine. Andika df -h tena. Ikishuka hata kidogo, inatosha. Bonyeza Ctrl, Alt na F7, picha zitarudi, andika jina na neno la siri kama kawaida. Na ukiwa pale penye kioo cheusi usiandike amri yoyote ya kufuta uliyoambiwa na mtu barabarani. Pale hakuna anayekuuliza kama una hakika.

Isiposhuka, usianze kulia. Wale wageni kwa kawaida huacha sidii ya Linux, itafute kwenye droo. Iweke, washa mashine, na ikikuuliza chagua kujaribu bila kusakinisha. Narudia, bila kusakinisha, maana ukichagua lile jingine utakuwa umemfanyia Dominiko kazi yake. Mashine itaamka kwa nguvu ya sidii, nawe utaifungua diski yako ukiwa nje yake na kuchukua unachotaka.

Ukishaingia, kwa mlango wowote, usifute kitu bado. Hapa ndipo ninapoogopa, na sitakuficha. Diski ikijaa katikati ya kunakili, faili hubaki jina tu, ndani halina kitu. Kwa hiyo tazama ukubwa wa kila nakala. Zenye sifuri ni maganda. Tafuta iliyo nzito kuliko zote, isikilize kuanzia kikohozi cha kwanza mpaka neno la mwisho, hata kama itakuliza, maana nusu ya sauti haitoshi. Huo woga wako uliofunga mlango huenda ndio huohuo uliokuhifadhia sauti moja nzima. Ikiwa hivyo nitakusamehe nusu ya ujinga wako.

Ukiipata, iweke kwenye flash, uitoe flash kwa utaratibu na si kuichomoa kwa pupa, kisha kaifungue kwenye kompyuta ya mtu mwingine kabisa uhakikishe inazungumza. Nakala kumi ndani ya mashine moja ni nakala moja tu, mashine ikifa zinakufa zote. Baada ya hapo ndipo ufute zile za ziada, na ulimwage na pipa la taka la mashine, kwa sababu ulichofuta kinakaa humo na bado kinakula nafasi. Na ile misiba ya wateja, mkono wako ukikataa kuifuta sikulaumu, una heshima. Lakini wale si marehemu wako. Wachomee ndugu zao sidii, wapigie simu, waje wawachukue watu wao nyumbani.

Sasa Sharifu. Ichome sauti ya mama kwenye sidii ya kawaida, ile inayolia kwenye redio ya sidii ya nyumbani, uipeleke Mazinde wewe mwenyewe. Usimwite tena akae kwenye benchi la wateja kusubiri msamaha kama mtu anayesubiri kopi. Mpe mkononi, mwache aingie ndani peke yake, wewe ukae nje na Zamda mpaka atoke. Usimuulize amesikia nini.

Na nakala zote zikiwa maganda? Najua hilo ndilo linalokunyima usingizi. Itakuwa msiba mwingine, Husna, na sina amri ya kuandika kwenye kioo cheusi itakayourudisha mdomo wa mama yako. Lakini utakwenda hivyohivyo. Utakaa mbele ya kaka yako na kumwambia maneno ya mama kwa Kizigua alichokitumia, pamoja na kikohozi na pale alipopumzika. Atakataa. Utamwambia tena. Mama yako hakuipa kompyuta radhi ile, alimpa Sharifu, na aliyekuwa amekaa kitandani akisikia ni wewe. Mashine ilikuwa inashika sauti tu. Shahidi ni wewe, na shahidi hangoji umeme urudi.

Kwa vyovyote vile, njiani nunua nguo za mtoto. Ndogo, za rangi yoyote, uzifunge kwenye kanga umpe Zamda mbele ya Sharifu. Na usingoje khitma wala siku nzuri, nenda wiki hii, kabla uchungu haujaanza. Huyo mtoto asizaliwe akapokelewa na baba aliyekwisha kumfyekea kaburi.