Karatasi Ndani ya Bitana

Karatu,
14 Julai 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeamka salama, na lile goti limekuachia angalau ufike kanisani bila kumwegemea mdogo wangu Eva. Sisi huku tu wazima. Baridi ya mwezi huu si ya mchezo, maharage ya ngwara shambani yamechelewa kukauka, na mke wangu Laurencia anakusalimu sana. Anasema mbegu ya maharage uliyompa imeota yote.

Utashangaa kwa nini naandika wakati tunazungumza kwa simu kila Jumapili. Simu yako, Mama, inasikilizwa na nyumba nzima. Barua hii nimempa dada Leonida anayerudi Mbulu leo, na nakuomba uvae miwani uisome mwenyewe. Asikusomee mtu.

Kwanza habari njema. Nosim, yule mama wa Kimasai ambaye gari la marehemu kaka Emilian lilimgonga kwenye ukungu kule juu ya kreta kabla halijapinduka, sasa anatembea. Anachechemea, lakini ng'ombe anakamua mwenyewe. Mumewe, Kaika, alikuja wiki iliyopita kunieleza kwamba bima imemaliza kulipia matibabu yote. Aliniletea maziwa kwenye kibuyu, akakaa mpaka jua likapoa. Sikuweza kumtazama usoni.

Ndani ya bahasha hii utakuta nakala ya bima ya gari langu. Naomba uiweke kwenye sanduku la bati pamoja na vyeti vyetu vya ubatizo. Yenyewe halisi iko hapa nyumbani kwenye mfuko wa nailoni, nakala nyingine iko garini, na picha yake ipo kwenye simu yangu na ya Laurencia. Madereva wenzangu wananicheka, eti Inosenti anatunza bima kuliko mke. Waache wacheke. Hawajui nilichofanya kwa ajili ya karatasi.

Unakumbuka kaka alivyokuwa akizijali karatasi zake. Zamani alizibana juu ya kioo cha mbele, mpaka siku nyani alipoingiza mkono dirishani pale getini, akaondoka na bahasha nzima na kwenda kuichana juu ya mti huku watalii wakimpiga picha. Tulicheka mpaka machozi, yeye akanuna wiki nzima. Tangu hapo akawa anaacha nakala tu garini, na ile yenye muhuri anaishona ndani ya bitana ya koti lake la kijivu, lile ulilomshoneshea kwa fundi wa Mbulu. Alinionyesha mimi peke yangu. Alisema mwizi hawezi kufikiria kufumua bitana, na nyumba ikiungua, koti la Mama ndilo litakalookolewa kwanza.

Mama, kaka ananijia. Si usiku, wala si ndotoni. Ni asubuhi, ukungu ukiwa umekaa barabarani, ninapopanda na wageni kwenda kreta. Nikitazama kioo cha ndani namwona nyuma yao amekaa na shati jeupe, amejikumbatia. Nafunga madirisha yote, nawasha hita, wageni wanalalamika joto. Juzi mmoja aliniomba nifungue, nikamjibu kwamba kuna mtu anasikia baridi. Aligeuka akawatazama wenzake mmoja mmoja. Naogopa, Mama, nakwambia kweli. Nakonda, na Laurencia anadhani ni vidonda vya tumbo.

Asubuhi ya mazishi ulinituma mochwari na lile koti. Ulisema amefia kwenye baridi, asilazwe kwenye baridi. Nilimvisha kwa mikono yangu, nikisaidiwa na mhudumu, na tulikuwa tumemaliza Kaika alipofika mlangoni. Hakulaumu. Alitoa pole kwanza, ndipo akauliza kama gari lilikuwa na bima, maana Nosim alikuwa wodini na mguu umevunjika mara mbili. Ile nakala ya garini ilikuwa imelowa oili, haisomeki hata herufi moja. Nami niliamini kwamba bila karatasi yenye muhuri, mama wa watu hatatibiwa. Nikakumbuka bitana.

Nilitaka kufumua pembeni tu, lakini mikono ya kaka ilikuwa imekakamaa kifuani na sikuweza kupenya. Nje watu walikuwa wanalisubiri jeneza. Nilichukua wembe nikalipasua koti mgongoni, kutoka kwenye kola mpaka chini, tukalivuta likatoka. Karatasi niliipata. Koti halikuvalika tena. Tukamfunika shuka nyeupe hadi kidevuni, na kwa kuwa kioo cha jeneza kilionyesha uso tu, hakuna aliyejua.

Siku nne baadaye niliipeleka ofisi ya bima, Arusha. Binti aliyenihudumia aliniuliza namba ya gari, akaiandika kwenye kompyuta, akasema bima iko hai, akanichapia nakala mbili. Nikamsogezea ile ya kaka. Hakuikunjua. Alisema siku hizi zote zimo kwenye mfumo, hata ningekwenda mikono mitupu ningehudumiwa. Nilikaa kwenye ngazi za ofisi ile mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama ninaumwa.

Pale kaburini, kabla hawajaanza kufukia, ulinishika mkono ukaniuliza kama nimemfunga vifungo vyote. Nilikujibu kwamba nimefunga vyote vitatu. Nilikudanganya, Mama. Mwanao amelala na shati tu.

Koti ninalo. Mgongo nimeushona mwenyewe, vibaya. Nitakuja nalo Jumamosi. Ukisema kaburi lifunguliwe, nitakwenda kwa padre kuomba, na jembe nitashika mimi. Ukisema nisikanyage kwako, nitaliacha kwa Leonida nirudi. Ninachokuomba ni kimoja: usinisamehe haraka kwa sababu tu ndimi mtoto wa kiume uliyebaki naye.

Nisalimie Eva na majirani wote wa huko. Mungu akutunze hadi tuonane.

Mimi mwanao,
Inosenti