Themosi Nyekundu ya Mama Mvuke

Wodi ya Wanawake, Kitanda cha 9
3 Agosti 1988

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na goti lako, na mwanangu Bosi pia. Mimi sijambo kidogo. Mshono unafunga vizuri, ila daktari amesema dawa hizi nitazimeza mpaka Novemba, na kunyonyesha nisahau kabisa, maana zinapita kwenye maziwa. Nililia mpaka jirani wa kitanda cha 10 akanipa taulo lake.

Mama, naomba umlete mtoto. Ametimiza miezi mitatu, na baba yake harudi kutoka machimboni hadi Oktoba. Nyuma ya hospitali kuna nyumba ya ndugu wa wagonjwa, nimeshakuombea kitanda. Nikimwona kila siku nitapona haraka, najijua.

Ninachoogopa ni hiyo safari. Saa kumi na nne ndani ya basi na mtoto wa chupa! Nimemuuliza muuguzi, kanieleza hivi: maji yachemke hasa, yaingie kwenye themosi safi yakiwa bado yanatokota, na yabaki maji matupu. Unga wa maziwa upime nyumbani, mkavu, kila mlo kwenye kikopo chake chenye kifuniko. Mtoto akilia ndipo uchanganye, maji yakiwa ya moto, kisha upoze chupa na udondoshe tone kwenye mkono wako uone kama halikuunguzi. Akibakiza, mwaga. Na usichanganye mapema ukayatunza vuguvugu, Mama, hata kidogo.

Majibu mpe kondakta wa basi la bluu, ni mtu mwaminifu, ananiletea hadi getini.

Mwanao

*

Nyumbani
7 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Goti langu linatabiri mvua ambayo haiji. Bosi hajambo, anatufokea humu ndani kama msimamizi wa karakana, na akishafoka anataka kazi ifanyike hapo hapo. Jina umempa la haki. Pole na dawa, pole sana. Jirani yako wa kitanda cha 10 mwambie ahsante ya taulo.

Nitamleta. Hilo halikuhitaji kuombwa. Lakini hayo masomo ya muuguzi wako yamenichekesha mpaka nikamwaga sukari. Eti maji huku, unga kule, halafu nichanganye basi likiruka mashimo! Unataka nimlishe mtoto au niwaogeshe abiria? Na hilo la kumwaga ndiyo kabisa. Kopo la maziwa tunalizungukia maduka matatu, wewe unasema nimwage.

Miaka kumi na tisa nauza chai ya maziwa kwenye lango la karakana. Mafundi hawaniiti Mama Mvuke bure. Chai naipika saa kumi na moja alfajiri, ukiifungua saa tisa alasiri bado inakuunguza ulimi, na hakuna fundi aliyewahi kushika tumbo. Nimelea sita, wewe ukiwa wa mwisho na mdomo mrefu kuliko wote. Kula, ulale, uniachie mimi.

Mama yako

*

Kitanda cha 9
10 Agosti

Mama yangu,

Shikamoo. Hamjambo? Mimi naendelea, ila usingizi sina.

Sicheki, Mama. Chai yako unaichemsha na maziwa pamoja, inaingia kwenye themosi ikitokota, na anayeinywa ni fundi mwenye tumbo la chuma. Bosi ni kilo tano tu. Maziwa yakikaa vuguvugu ndipo vijidudu vinapozaliana, na huvioni wala huvinusi. Ukionja utasema ni mazuri.

Niahidi. Andika kwa mkono wako kwamba hutachanganya mapema. Usiniulize kwa nini nang'ang'ania, mimi najua tu.

Mwanao

*

Nyumbani
14 Agosti

Mwanangu,

Marahaba, mkaidi wee. Sisi wazima.

Tunaondoka Jumatano, kiti namba 7, dirishani. Nimenunua themosi mpya, nyekundu, haijawahi kuonja chai, ujue nakusikiliza. Chupa tatu na chuchu zake nimezichemsha kwenye sufuria kubwa mpaka mafundi wakauliza leo kuna supu ya nini. Usijitie presha bure. Mtoto hatalia njaa hata dakika moja, kila kitu kitakuwa tayari.

Andaa mikono ya kumpokea.

Mama yako

*

Kitanda cha 9
18 Agosti, asubuhi

Mama,

Shikamoo. Mko wapi?

Naandika kondakta akiwa amesimama getini na dereva anapiga honi. Jana nilikaa dirishani tangu alasiri. Leo kondakta kaja peke yake, kashika kikapu chako cha nguo. Kasema basi liliharibika, mkakaa juani saa tatu nzima, na baadaye Bosi akaanza kutapika. Kasema mlifika mji wa katikati ukashuka mbio kuulizia zahanati, hata kikapu hukukumbuka. Hajui zaidi ya hapo. Nimemuuliza kama mtoto alikuwa analia, kaangalia viatu vyake.

Mama, anapumua? Niandikie neno moja tu, hata kama ni baya. Nimejaribu kutoka, mlinzi kanirudisha mara mbili. Nimeshika kofia yake ya sufi niliyoikuta kikapuni, inanuka maziwa.

Waambie wauguzi alikunywa nini na saa ngapi. Tafadhali usifiche kitu.

Mwanao

*

Zahanati ya mji wa katikati
18 Agosti, jioni

Mwanangu,

Yuko hai. Naanza na hilo, salamu zitasubiri.

Alfajiri ile nilichemsha maji kama ulivyosema. Nikayaacha yapoe kidogo, nikachanganya unga wa siku nzima, nikamimina yote kwenye themosi nyekundu, nikafunga. Nilijiambia themosi ni mpya, mikono yangu ni safi, na muuguzi wa watu hajui kazi ya themosi. Saa mbili akanywa. Saa tano akanywa, akawachekea abiria. Halafu rejeta ikapasuka na basi likasimama. Saa tisa nikafungua tena, yalikuwa vuguvugu, nikaonja, matamu, hayana harufu yoyote. Nikajisifu, mwanangu! Nikamwambia mama wa kiti cha jirani, ona mambo hayo.

Saa kumi na moja akatapika, yakatoka hadi puani. Kisha akaharisha, tena na tena, mpaka nguo zikaniishia. Tulipofika hapa macho yalikuwa yameingia ndani, utosi umebonyea, analia bila machozi. Baadaye hata kulia akaacha.

Kuna baya zaidi. Muuguzi aliniuliza kanywa nini. Nikasema nilichanganya upya kila mara. Akarudia swali, nikarudia jibu. Mimi, mtu mzima mwenye mvi, nilidanganya huku mtoto amelegea mapajani mwangu, kwa kuwa niliona aibu. Leo mchana walikuwa wanahisi homa ya uti wa mgongo, wanaandaa sindano ya kumchoma mgongoni. Kondakta akaingia na barua yako. Nikaisoma nimesimama mlangoni. Ile "usifiche kitu" ilinichoma mimi kabla ya sindano kumchoma yeye. Nikamshika muuguzi mkono, nikasema kweli yote. Hakunifokea, nilitamani anifokee. Sindano wakaiahirisha.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo nilivyowafundisha wote sita. Mimi mkuu sikusikia la mdogo, na guu lililovunjika si langu.

Ana dripu, na ninampa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, kidogo kidogo. Bado anaharisha. Daktari anasema tusubiri. Tusubiri nini, hasemi.

Mama yako

*

Kitanda cha 9
20 Agosti

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeipata leo. Nimeisoma, nimeikunja, nimeitupa chini ya kitanda, kisha nikapiga magoti kuitafuta. Nimekuwazia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Jirani wa kitanda cha 10 kaniuliza, nikamfokea na yeye.

Halafu nikachukua kalamu, maana na mimi nina langu.

Unakumbuka mwezi wa sita, Bosi alipotapika siku mbili nikakwambia ni upepo? Haukuwa upepo. Nilikuwa naumwa, maziwa yamepungua, nikaanza kumuongezea ya kopo. Sikuwa na nguvu za kuinuka kila mara. Nikachanganya mengi, nikayatia kwenye themosi yako ndogo ya kijani, nikaiweka karibu na kitanda. Nimekua nikikuona unafanya hivyo na chai, nikaona ndiyo akili. Alipopona niliiosha nikairudisha kabatini, na sikusema na mtu mpaka nilipomsimulia muuguzi wa hapa. Ndipo akanieleza yale yote niliyokuandikia.

Kwa hiyo nilijua, Mama. Nilikuandikia kwamba muuguzi amesema, badala ya kukwambia kwamba mimi nilifanya. Muuguzi hukumwamini, lakini mimi ungeniamini. Niliogopa utanicheka, utasema mtoto wangu wa mwisho hajui kulea. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nimeusikia msemo huo tangu utotoni, nikidhani ni wa wagonjwa tu.

Utosi umepanda? Anakojoa? Muuguzi anasema akianza kukojoa ni dalili njema. Niandikie hata kwenye karatasi ya sukari.

Mwanao

*

Benchi la pili, nje ya wodi yako
27 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Barua hii simpi kondakta. Nampa mhudumu anayefagia hapa mlangoni, maana watoto hawaruhusiwi ndani.

Najua wiki nzima sikukuandikia, na najua nimekutesa. Siku mbili za kwanza zilikuwa za hasira. Ungeniambia, mwanangu! Ningekucheka, ndiyo, ningekucheka mpaka wiki iishe, na mafundi ningewasimulia. Lakini maji ningeyaacha yabaki maji. Siku zilizobaki zilikuwa za woga. Alianza kukojoa Jumatatu, nikashika kalamu nikuandikie, na jioni hiyo akatapika tena. Nikaona kalamu ina mkosi. Nikaiweka mbali mpaka leo, niandike nikiwa nimemshika.

Usishtuke ukimwona. Amepungua, shingo imekuwa nyembamba, na kufoka bado hajaanza tena sawasawa. Leo ndani ya basi kafoka mara moja tu, abiria wakashangaa kuona bibi anacheka huku machozi yanamtoka.

Themosi nyekundu ninayo. Nilitaka kuitupa, muuguzi wa zahanati akanikataza, akasema themosi haina kosa. Akaisugua mwenyewe, akatia maji yanayotokota, akanitazama nikifunga. Njiani nimechanganya mara mbili, dereva akinisimamishia basi, na bado nimemrowesha mzee wa watu suruali. Yaliyobaki nilimwaga dirishani. Iliniuma, lakini nilimwaga.

Sasa imebaki hii chupa ya tatu. Nimenawa, kikopo cha unga kiko mfukoni kimefungwa, maji ni ya moto. Nimefungua kifuniko mara mbili nikakifunga. Nasahau kama nimepima au sijapima.

Omba ruhusa utoke. Tembea polepole, una mshono. Ameanza kulia njaa, nami nimekaa tu namsikiliza, nakungoja uje umchanganyie wewe.

Mama yako