Nilimfokea Mama Mkwe kwa Kinyesi cha Mbuni

Mshauri mpendwa,

Nikitaja bakteria wa tumboni namaanisha jamii ya viumbe wasioonekana kwa macho wanaoishi ndani ya utumbo wa mnyama, wakichachusha nyuzi za majani ambazo utumbo peke yake usingeziweza, na kuwabana wadudu wa maradhi wasipate pa kukaa. Maana hii nimeijua nikiwa nimechelewa, na ndiyo sababu naomba msaada wako.

Kabla ya kuolewa katika familia inayofuga mbuni, nilichemsha vyombo vya upasuaji hospitalini kwa miaka kumi na mmoja, basi nilipokabidhiwa chumba cha kulelea vifaranga nikakiendesha vivyo hivyo, sakafu nikaipiga dawa asubuhi na jioni, maji yao ya kunywa nikayatia dawa ya kuua bakteria bila kumuuliza daktari wa mifugo, eti kinga, wafanyakazi wakaniita Bi Sabuni nami nikaona fahari, huku vifaranga wakivimba matumbo na kufa, kumi na tisa kati ya thelathini na wawili, hadi dawa ya majini ikaniishia nikasafiri siku tatu kuitafuta, na niliporudi nikamkuta mama mkwe amewamwagia kinyesi kibichi cha mbuni wakubwa, nao wanakidonoa kwa raha zao.

Nikamfokea mbele ya wafanyakazi wote: "Mama, unawalisha watoto uchafu?"

Akajifuta mikono taratibu. "Mkwe wangu, wewe umewaosha mpaka ndani. Waache wale, ndivyo wafanyavyo wakiwa na mama zao."

Nikamtoa nje. Daktari wa mifugo alipokuja ndipo akanieleza maana niliyoanza nayo, dawa sikuirudisha tena, na sasa mwezi wa pili unakwisha, wote kumi na watatu wako hai, wanakimbizana uani, nami kila nikiwatazama namshukuru mama moyoni ila mdomoni neno halitoki, kwani nikimwita aje awaone hunijibu, "Mie nibaki huku, nisije nikawaambukiza." Nimwambieje?

Bi Sabuni

*

Dada,

Uliyemfokea hadharani hashukuriwi moyoni. Umemwandikia barua nzima mtu usiyemjua, na sentensi moja kwa mtu wa chumba cha pili imekushinda! Hata hivyo nakupongeza: wengi wangezidisha dawa na kulaumu hali ya hewa.

Kesho, wafanyakazi wakishakusanyika, simama kwenye mlango uliomtolea, useme: "Mama, nilikukosea mbele ya hawa, na mbele ya hawa naomba radhi. Ahsante kwa kuwaangalia watoto nilipokuwa sipo." Usitangulize zawadi, utakuwa unakwepa maneno.

Vyombo vya maji endelea kuviosha, lakini acha kuua kila kilichopo sakafuni, na dawa isitolewe bila daktari. Kinyesi nacho hubeba minyoo na maradhi, hivyo kipimwe maabara kabla ya kuwapa vifaranga wengine.

Ila usimwambie mama kwamba kinyesi ndicho kilichowaponya. Hulijui hilo, wala mimi silijui. Siku zilezile alizokimwaga, dawa yako ilikuwa imekwisha majini. Mambo mawili yalibadilika kwa pamoja. Mshukuru kwa unalolijua, kisha mkae wawili, mkwe na mama, mlitafakari msilolijua: kati ya kile alichowapa yeye na kile ulichoacha kuwapa wewe, ni kipi kilichowaokoa?