Spidi Alipojilaza Kwenye Sponji, Sisi Tulipiga Picha

Shangazi mpendwa, nisaidie kabla sijafanya ujinga wa pili, maana ule wa kwanza bado unanitafuna.

Mimi ni fundi wa makochi, na kwa miaka minne nilifanya kazi meza moja na kijana tuliyemwita Spidi. Jina nilimpa mimi, kwa sababu alikuwa mzito kuliko kabati, kiti kimoja siku mbili, huku anapiga mluzi na kutusimulia mpira wa jana kana kwamba alicheza yeye, na wateja walimpenda hivyo hivyo kwa kuwa kochi lake halikulegea. Sasa Shangazi, mtu kama huyo akianza kuchoka, nani atajua? Alipoanza kukaa chini kila baada ya pini kumi nikasema betri imekwisha, alipotokwa na mabaka meusi mikononi nikatangaza karakana nzima kwamba mchumba wake anamchapa, fizi zilipomtoka damu akitafuna mkate nikamwambia aache kula misumari, watu wakacheka, yeye akacheka, na mimi nikajiona mchekeshaji mkubwa.

Jumanne moja baada ya chakula cha mchana akajilaza juu ya sponji, akasema, "Kaka, niamshe baada ya dakika tano." Tukamfunika kitambaa cha maua cha mteja, nikamvisha utepe wa kupimia shingoni kama medali, nikapiga picha. Nilipomwamsha hakuamka vizuri, alikuwa wa moto kama pasi na akaniita kwa jina la dada yake. Tukamkimbiza hospitali kwa gari la kupelekea makochi. Wakapima damu, wakasema ni saratani ya damu, tena ile inayokwenda mbio, na siku ya sita akafariki, ana miaka ishirini na minne tu. Siku ya tatu alikuwa amepata nguvu kidogo, akaniuliza, "Ulinipiga picha, siyo?" Nikakana. "Muongo wewe, nilisikia kamera ya simu ikilia. Ilete." Akaitazama, akacheka mpaka muuguzi akaja kutufokea, kisha akasema, "Mwonyeshe mama. Ataua mtu." Sikumwonyesha.

Sasa mwaka unatimia, familia inafanya kumbukumbu, na mama yake, aliyekuwa akiishi naye, kanipigia simu: "Mwanangu, wewe ndiye uliyeshinda naye, utasema maneno mawili, na uniletee picha zake za kazini. Mimi ninayo ya kitambulisho tu, amekaa kama mtu aliyekamatwa." Picha inayomwonyesha sura ni hiyo moja, nyingine zote anaikimbia simu, unaona kisigino tu. Na binamu zake wameshaandaa hotuba, eti Spidi alikuwa mchapakazi, mkimya, hakuwahi kuchelewa. Spidi! Nafikiria niifute ile picha na siku hiyo nijifanye naumwa nisiende. Je, nitakuwa nimekosea?

Fundi wa makochi

*Shangazi anajibu:*

Fundi, kati ya visingizio vyote duniani umechagua kuumwa? Kwa mama huyo? Shukuru uko mbali na kandambili zangu.

Tuanze na unachostahili kusikia: ulikosea. Mwenzako anatoka damu kwenye fizi, wewe unatafuta wa kumchekesha. Sitakwambia hukukosea, kwa sababu hutaniamini. Ila lipime kosa lako kama unavyopima kitambaa, usilivute. Wewe si daktari. Yeye mwenyewe hakushtuka, wala mama aliyeishi naye nyumba moja. Kama siku chache zingebadilisha kitu, mimi sijui, wewe hujui, na itabidi uishi bila kujua. Inauma. Mimi nilimzika mume niliyekuwa nimemnunia siku tatu kwa sababu ya taulo, kwa hiyo naongea ninachokijua.

Kinachonikera ni kingine. Spidi aliiona picha, akacheka, na wewe umeamua hakucheka kwa dhati. Umemuuliza nani? Mtu kalazwa, kakuachia kazi moja nyepesi, mwonyeshe mama, na umeikalia mwaka mzima! Hata yeye hakuwahi kuchelewesha kochi kiasi hicho.

Hotuba utaitoa. Waache binamu na malaika wao, wewe sema alikuwa mzito, sema mluzi, sema makochi yake bado yanakaliwa. Watu watacheka, na mama hatakufa kwa kicheko, yeye ndiye aliyemwamsha kwenda shule miaka yote hiyo. Na pale karakana, mtu mwingine akichoka bila sababu na kuota mabaka, akapimwe damu kwanza, utani baadaye.

Lakini picha usiitoe mbele ya watu. Nenda kwa mama yake Jumamosi hii asubuhi, peke yako, kabla ya siku yenyewe. Usibebe zawadi, usibebe rafiki wa kukusemea. Mwambie, "Mama, nimekuja kukueleza nilichofanya." Mweleze yote, mpe simu mkononi, kisha unyamaze. Akilia, kaa. Akicheka, kaa. Akikutukana, kaa vilevile. Akikufukuza, rudi Jumapili.